Uniti Moja ya Maji ya Ziwa: Gharama za Kupoza Shinyanga na Geita

Mashine ya barafu inayogandisha tani moja kwa siku inahitaji uniti moja tu ya maji, yaani lita 1,000, kwa ajili ya barafu yenyewe. Lakini kama kondensa yake, sehemu inayotoa joto nje, inapozwa kwa maji ya bomba yanayopita mara moja na kumwagwa, mashine hiyohiyo itameza uniti nyingine 15 kwa siku, na zote zitaishia mtaroni zikiwa safi kama zilivyoingia, ila zimepata joto. Mwisho wa mwezi mwenye mashine anapokea ankara ya uniti karibu 500. Anakwenda ofisi ya mamlaka ya maji akiwa amepandwa na hasira: dira imeharibika, bei ni ya kuumiza, nimewekwa daraja la viwanda wakati mimi nina banda moja tu sokoni. Ofisa anamfungulia kitabu cha usomaji wa dira. Kila mmoja ana hoja yake, na wote wawili wanagombania bei ya uniti wakati kinachommaliza mteja ni idadi ya uniti.

Katika miji ya ukanda huu, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita na Katoro, biashara ya ubaridi inakua pamoja na dhahabu. Gesti zinafungwa viyoyozi, bucha zinaweka vyumba vya baridi, wauza samaki wa ziwani wanatafuta barafu, wauza vinywaji wanapanga friji hadi barazani. Kila mmoja kati yao analipa umeme, na wengi wanalipa pia maji ya kupozea bila kujua wanalipia nini hasa. Ndiyo maana nataka tufanye hesabu kwanza, kisha tuzungumze haki za mteja. Ukizichanganya hizo mbili, unaweza kushinda kesi na bado ukafilisika.

Tuanze na maji yenyewe yanakotoka, kwa sababu bei yake haikutoka hewani. Shinyanga iliishi miaka mingi kwa bwawa la Ning'hwa. Mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria Kahama na Shinyanga ulizinduliwa na Rais Jakaya Kikwete mwaka 2009, na baadaye bomba likaendelezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora. Maji yanavutwa Ihelele wilayani Misungwi, yanasafishwa, kisha yanapandishwa kwa pampu hadi tangi kubwa la mlima Mabale kabla ya kuteremka kuelekea mijini. KASHWASA, mamlaka ya mradi huo, ndiyo inayoyauza kwa jumla. SHUWASA kwa upande wa Shinyanga, na mamlaka ya Kahama kwa upande wake, huyanunua na kuyasambaza rejareja. Kwa hiyo ndani ya bei unayolipa kuna matabaka mawili: la muuzaji wa jumla na la muuzaji wa rejareja, na chini ya yote mawili kuna bili ya umeme wa pampu. Anayemwaga maji haya mtaroni ili apoze kompresa anamwaga pia umeme uliotumika kuyapandisha mlimani.

Bei za kila mamlaka huidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, na hubadilika kwa agizo jipya, tena hutofautiana kwa daraja la mteja. Kwenye hesabu za hapa nimeshika shilingi 2,000 kwa uniti kama kipimo cha kulinganishia tu. Wewe weka bei iliyoandikwa kwenye ankara yako. Kwa upande wa umeme kazi ni rahisi zaidi: mteja wa daraja la T1, ambalo ndilo la maduka madogo, gesti na nyumba nyingi, akinunua Luku ya shilingi 10,000 anapata uniti 28 (uniti ya umeme ni kilowati-saa moja), yaani karibu shilingi 357 kwa uniti, kodi na tozo zikiwa ndani, kabla ya kukatwa kodi ya jengo.

Sasa hesabu inayobeba makala hii. Maji yakipita kwenye kondensa na kupanda joto kwa nyuzi 10, uniti moja, yaani lita 1,000, inaondoka na joto la takriban kilowati-saa 11.6. Lita hizohizo 1,000 zikiachwa zigeuke mvuke, zinaondoka na joto la takriban kilowati-saa 675. Ni kazi mara 58 kwa maji yaleyale. Mtungi wa udongo uliowekwa kivulini umekuwa ukitumia siri hii tangu zama za mabibi zetu: maji machache yanayotoka jasho kwenye ngozi ya mtungi yanapoza mengi yaliyobaki ndani.

Tuugeuze mvuke huo kuwa shilingi. Kiyoyozi cha kawaida hutumia takriban uniti moja ya umeme kuondoa uniti tatu za joto. Kuondoa joto la kilowati-saa 675 kutahitaji uniti 225 za umeme, sawa na shilingi 80,000. Si ubaridi wote wa mvuke unaomfikia mtu aliyekaa chumbani, kwa sababu mwingine unatoka na hewa dirishani, basi tukate nusu: shilingi 40,000. Hiyo ndiyo thamani ya uniti moja ya maji yanayopozea kwa kugeuka mvuke. Hata kama bomba limekauka na unanunua ndoo ya lita 20 kwa shilingi 300, bei inayofanya uniti ifike 15,000, bado unapata faida. Lakini uniti inayopita kwenye kondensa na kwenda mtaroni haikuokolei hata shilingi 2,000 uliyoinunulia. Nitaonyesha hilo kwenye mashine ya barafu.

Kabla ya hapo, twende chumbani, maana ndiko wengi wanakoanzia. Chukua chumba kimoja cha gesti Kahama, kinapozwa saa 10 kwa siku. Feni ya kawaida ya wati 70 itakula uniti 0.7, sawa na shilingi 250 kwa siku au 7,500 kwa mwezi. Feni ya maji, ile yenye tangi chini na pedi zinazolowana, yenye wati 150, itakula umeme wa shilingi 535, na maji lita 50 hivi, sawa na shilingi 100 kwa maji ya bomba au 750 kwa maji ya ndoo ya shilingi 300. Kwa mwezi ni kama 19,000 kwa bomba, na 38,500 kwa ndoo. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kisicho na inveta, kwa wastani wa uniti 8 kwa saa hizo 10, kitakugharimu 2,856 kwa siku, karibu 86,000 kwa mwezi. Chenye inveta kinaweza kushuka hadi uniti 5 kwa siku, yaani 53,500 kwa mwezi. Zidisha kwa vyumba 10 uone kwa nini mwenye gesti anapandisha bei ya chumba kila kiangazi.

Ukiangalia namba hizo tu utasema feni ya maji imeshinda. Imeshinda Shinyanga, haijashinda Geita. Maji hugeuka mvuke kwa kadiri hewa inavyoyakubali. Mchana mkavu wa Septemba, joto likiwa nyuzi 32 na unyevu wa hewa asilimia 30, feni ya maji nzuri inaweza kukutolea hewa ya nyuzi 22 au 23. Ukipanda kuelekea ziwani, mchana wa nyuzi 28 wenye unyevu wa asilimia 70, mashine hiyohiyo itashusha nyuzi tatu tu, na itakuachia shuka zenye unyevu na harufu ya ukungu. Msimu wa mvua hata Shinyanga kwenyewe faida hiyo inapungua sana. Kwa hiyo muuzaji anayekuuzia feni ya maji Geita au Chato kwa maneno yaleyale anayotumia Shinyanga hakutendei haki. Mwulize swali moja: niiwashe humu dukani kwako saa nane mchana, mlango ukiwa wazi, tupime hewa inayoingia na inayotoka. Kipimajoto cha bei ndogo kitamaliza mjadala.

Mlango uwe wazi kweli. Wengi huifungia feni ya maji ndani ya chumba kilichozibwa kama cha kiyoyozi, hewa inajaa unyevu ndani ya saa moja, kisha wanasema mashine ni feki. Inahitaji dirisha wazi upande wa pili ili hewa nyevu itoke.

Kuna jambo linalonisikitisha katika ushauri wote unaotolewa kuhusu viyoyozi katika nyanda hizi. Shinyanga iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi hupoa wenyewe. Kinachomtesa mgeni saa nne usiku mara nyingi ni bati, lililokunywa jua mchana kutwa na sasa linaurudisha moto kupitia dari nyembamba au pasipo dari kabisa. Kabla ya kununua kiyoyozi cha chumba hicho, piga dari, acha matundu ya hewa kati ya dari na bati, na paka bati rangi nyeupe. Gharama hiyo unalipa mara moja. Kiyoyozi unakilipia kila siku, na kinapambana na bati lilelile.

Sasa maji ya feni hiyo yatoke wapi? Miezi ambayo feni ya maji inafanya kazi vizuri zaidi ndiyo miezi ambayo bomba linasumbua zaidi, na hapo ndipo ugomvi wa bei huanza. Lakini angalia kiasi chenyewe: lita 50 kwa siku kwa siku 120 za ukavu ni lita 6,000. Paa la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 800 kwa mwaka na kupoteza moja ya tano njiani, linatoa lita 64,000. Simtanki moja ya lita 5,000, iliyojazwa na mvua za mwisho wa Aprili na kufunikwa vizuri mbu wasizaliane, inakutosha siku 100 kwa chumba kimoja. Maji ya mvua hayana chumvi, kwa hiyo pedi hazitapata ule ukoko mweupe. Maji ya visima vingi vya Shinyanga yana chumvi na madini mengi, na yakitumika kwenye pedi au kwenye mnara wa kupozea huacha gamba linaloziba kila tundu. Nimeona pedi zilizogeuka mawe ndani ya msimu mmoja.

Kisima nacho kina mashabiki wake: chimba chako, achana na ankara. Kwa mtu mwenye kiwanja kikubwa na biashara ya kudumu, huenda. Lakini hii ni nchi ya mwamba wa granaiti, na unaweza kulipia mita nyingi za kuchimba ukapata vumbi. Pia Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya bonde kwa kisima cha biashara, na kibali kina ada yake. Sehemu kubwa ya Shinyanga iko chini ya Bonde la Kati, Geita kwa sehemu kubwa iko Bonde la Ziwa Victoria. Weka ndani ya hesabu pampu, umeme wa pampu, tangi, vipimo vya maji, na ukarabati. Maji ya kisima yana bei, ila ankara yake hailetwi na mtu. Maji ya boza yafaa kwa dharura tu. Ukiona unaita boza kila wiki kwa ajili ya kupozea mashine, badilisha mashine.

Na hapo tunarudi kwenye barafu. Mashine ya tani moja kwa siku inatoa joto la takriban kilowati-saa 180 kwenye kondensa yake kwa siku. Ukilipeleka mtaroni kwa maji yanayopita mara moja, unahitaji uniti 15 na nusu kwa siku: shilingi 31,000 kwa siku, au 930,000 kwa mwezi, kwa kipimo chetu cha 2,000. Ukiweka mnara wa kupozea, maji yaleyale yanazunguka na ni sehemu ndogo tu inayogeuka mvuke. Pamoja na yale yanayotolewa ili kupunguza chumvi, utatumia kama lita 400 kwa siku, shilingi 800, na pampu na feni ya mnara zitakula labda uniti 7 za umeme, shilingi 2,500. Jumla 3,300. Ukichagua kondensa ya upepo, hutumii maji kabisa, ila kompresa inahangaika zaidi mchana wa joto na unaongeza uniti 10 hadi 14 za umeme, yaani shilingi 3,600 hadi 5,000.

Kwa hiyo shindano la kweli ni kati ya 3,300 na 5,000. Ile 31,000 haipo hata uwanjani. Mafundi friji wengi huifunga mashine kwa njia hiyo ya kumwaga maji kwa sababu ni rahisi: bomba linaingia, bomba linatoka, mashine inapoa vizuri siku ya kukabidhi, fundi anaondoka na chake. Kuna mashine za mitumba kutoka nje zinazokuja na kondensa za maji, na anayezinunua anafurahia bei bila kuuliza zinapozwaje.

Kati ya mnara na upepo, mimi kwa mashine ndogo ya tani moja au chini yake ningechukua upepo, hata kama karatasi inasema mnara ni rahisi kwa shilingi elfu moja. Mnara unataka mtu wa kuusafisha, kupima maji, kutoa gamba na kuzuia ukungu. Maji ya uvuguvugu yaliyoachwa bila dawa huzalisha bakteria wanaosababisha homa kali ya mapafu, na feni ya mnara inawarusha hewani. Mwenye tani 5 na zaidi, mwenye fundi wa kudumu, aweke mnara, na kwake faida itakuwa kubwa. Akifikia matumizi ya uniti za umeme zaidi ya 7,500 kwa mwezi atahamia daraja la T2, ambako uniti ni 195 kabla ya kodi lakini kuna malipo ya kilele, yaani ya mzigo wa juu kabisa uliofikiwa mwezini, ya 15,004 kwa kila kVA. Hapo kila kompresa inayoepukwa mchana inapunguza ankara mara mbili: kwenye uniti na kwenye kilele.

Baada ya hesabu, ugomvi. Malalamiko yanayohusu maji ya kupozea ni matatu, na kila moja lina njia yake.

La kwanza ni dira. Kabla hujasema imeharibika, fanya jaribio hili. Funga mabomba yote isipokuwa la mashine. Weka ndoo ya lita 20 kwenye bomba linalotoa maji ya kondensa na pima muda wa kujaa. Ikijaa kwa sekunde 110, mashine inamwaga lita 655 kwa saa, sawa na uniti 15.7 kwa siku ikifanya kazi saa 24. Soma dira kabla na baada ya saa moja. Namba zikilingana, dira inasema kweli na mwizi yuko ndani ya uzio wako. Zisipolingana, piga picha za usomaji zenye tarehe, andika barua kwa mamlaka, na omba dira ipimwe; Wakala wa Vipimo ndio wenye dhamana ya kuhakiki vipimo nchini. Mahali ambapo maji huja kwa mgawo, upepo unaotangulia kwenye bomba unaweza kuizungusha dira, na hilo pia litaje. Ankara za makadirio, pale dira imekufa au mlango ulikuwa umefungwa, dai zirekebishwe kwa usomaji halisi. Usikae nazo miezi sita.

La pili ni daraja, na hapa wateja wengi wana haki kuliko wanavyojua. Agizo la bei la mamlaka hutaja madaraja kama majumbani, taasisi, biashara, viwanda na magati. Mama anayegandisha barafu na juisi kwenye friji mbili sebuleni, je, ni wa majumbani au wa biashara? Mwenye bucha yenye chumba cha baridi ni biashara, au kiwanda? Jibu halipaswi kutoka kichwani mwa msoma dira. Omba uonyeshwe agizo lenyewe lililoidhinishwa na EWURA, na maandishi yanayoeleza kwa nini umehamishwa na tangu lini. Kama nyumba na biashara viko kiwanja kimoja, omba dira ya pili: ya nyumba ibaki na bei ya nyumba, ya biashara ilipe kama biashara. Gharama ya kuiunganisha hurudi haraka pale tofauti ya bei ni kubwa. Kuwa na kiyoyozi au friji peke yake hakumfanyi mtu kuwa kiwanda, na mamlaka inayomhamisha mteja kwa sababu hiyo tu ipingwe.

Ukishindwa kuelewana na mamlaka, malalamiko hupelekwa EWURA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Kuna pia Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, lililoundwa kumsaidia mteja asiye na wakili. Asiyeridhika na uamuzi wa EWURA anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani. Ni njia ndefu, lakini ipo, na ngazi za mwanzo hazihitaji suti wala Kiingereza.

La tatu ni lile linalowashwa kila maji yanapokatika: mgodi unachota ziwani kwa bei ya kutupa, sisi tunalipa bei ya juu. Mgodi wa Geita wa AngloGold Ashanti una bomba lake kutoka ghuba ya Nungwe, na Bulyanhulu, ulio chini ya Barrick, nao umevuta maji ya ziwa. Migodi hii inachukua maji ghafi kwa kibali cha bonde na ada ya matumizi, na inagharamia yenyewe bomba, pampu na usafishaji. Mteja wa kandokando ya Bulyanhulu au wa Geita mjini ananunua maji yaliyokwisha kusafishwa na kusafirishwa. Kulinganisha namba hizo mbili moja kwa moja ni kukosea. Ila swali linalobaki ni halali kabisa: katika mwaka wa ukame, nani apunguziwe kwanza? Sheria ya 2009 inatanguliza maji ya binadamu mbele ya matumizi mengine, na anayeishi kandokando ya mgodi ana haki ya kuiona kanuni hiyo ikitekelezwa kwenye bomba lake.

Ugomvi huu wa maji ya kupozea si wetu peke yetu. Marekani, tangu miaka ya 1930 na zaidi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, maduka na kumbi za sinema zilifunga viyoyozi vilivyopozwa kwa maji ya bomba yanayomwagwa. Siku za joto kali mabomba ya miji yalizidiwa. Miji mingine ililazimisha mashine zizungushe maji yake, mingine ikatoza ada kwa ukubwa wa mashine, juu ya kile kilichosomwa na dira, na wenye majengo wakalalamika kwamba wanabaguliwa. Hoja ya miji ilikuwa kwamba bomba hujengwa kwa ukubwa wa siku moja ya joto kuliko zote, si kwa wastani wa mwaka, na mwenye kiyoyozi ndiye anayeifanya siku hiyo iwe kubwa. Hoja ya wateja ilikuwa kwamba uniti ni uniti, awe anaoga au anapoza.

Nikizisikiliza pande zote mbili nikiwa na ramani ya bomba la Ihelele mkononi, nasimama na kanuni ya kuzungusha maji dhidi ya ada. Ada kwa ukubwa wa mashine itamwangukia mwenye feni ya maji na mnara mzuri sawasawa na yule anayemwaga uniti 15 kwa siku, na hiyo itakuwa dhuluma. Marufuku ya kupozea kondensa kwa maji safi yanayopita mara moja, pamoja na muda wa mwaka mmoja wa kubadilisha mashine, itaokoa maji mengi zaidi bila kumgusa asiyehusika. Wakati SHUWASA, GEUWASA ya Geita au mamlaka ya Kahama inapoomba bei mpya, EWURA huitisha mkutano wa taftishi ambapo mwananchi yeyote anaweza kusema. Wenye gesti na wenye barafu wafike wakiwa na matokeo ya ndoo na sekunde, wapendekeze kanuni hiyo wenyewe.

Na waongeze jambo moja linalohusu kesho. Sehemu kubwa ya Shinyanga, Kahama na Geita bado hutegemea mashimo na gari la majitaka, lakini mitandao ya majitaka itakuja, na kwa kawaida ada yake hupigwa kwa kiasi cha maji safi yaliyosomwa kwenye dira. Maji yanayogeuka mvuke kwenye mnara au kwenye pedi hayaingii kwenye bomba la majitaka hata tone. Miji mingi ya Marekani huyaondoa kwenye hesabu kwa kusoma dira ndogo zilizofungwa kwenye bomba linalojazia mnara na kwenye lile linalotoa maji yake ya chumvi. Mwenye mnara wa tani 5 anayeongeza lita 2,000 kwa siku ataokoa ada ya uniti karibu 40 kila mwezi, zile zinazokwenda hewani kati ya 60 anazonunua. Kifungu hicho kiandikwe kwenye agizo la bei sasa, kabla bomba la kwanza la majitaka halijafukiwa.